Binafsi, Mchujo, Dahalia

Kijana wa Kiswahili anayetaka kuomba nafasi Chuo Kikuu cha Yale, huko New Haven, Marekani, hukutana na maneno kabla hajakutana na chuo. Maneno hayo ndiyo yanayomwambia kama mlango ule unamhusu. Sisi tunaomfasiria tuna dhima.

Neno la kwanza ni binafsi. Tukisema "chuo kikuu binafsi", mzazi husikia mali ya mtu na faida ya mtu, akaanza kuhesabu karo asiyoiweza. Kumbe chuo hiki, kilichoanzishwa mwaka 1701, hakina mwenye hisa. Hakimilikiwi na serikali, bali huendeshwa na bodi ya wadhamini, na takriban theluthi ya bajeti yake hutokana na mali iliyotolewa na wahisani vizazi kwa vizazi, ambayo sasa inapita dola bilioni 40. Kila mwaka hutumika sehemu ndogo tu, shina likabaki lizae. Mali ya namna hii Waswahili wanaijua: ni wakfu. Masharti yake si yale ya wakfu wa msikiti, lakini mantiki inashabihiana. Na wakfu hurithi mema na mabaya ya waliotoa; mwaka 2024 Yale iliomba radhi rasmi kwa uhusiano wake wa kihistoria na utumwa.

Kwa nini neno hili lina uzito kwa mwombaji? Kwa sababu wakfu ndio unaowezesha udahili usiotazama mfuko. Uwezo wa familia haupunguzi nafasi ya mwombaji, hata akitoka nje ya Marekani. Akikubaliwa, chuo hufidia upungufu wote uliothibitishwa, bila kumlazimisha kukopa. Huo ni msaada wa uhitaji. Tuzo za alama nzuri hazitolewi pale.

Neno la pili ni mchujo. Miaka ya karibuni, katika kila waombaji mia, wanaopata nafasi ya shahada ya kwanza pale hawafiki watano. Ukali huo ni wa kweli, ila jina lina kasoro: kinachobaki kwenye kifumbu baada ya kuchuja nazi ni machicha, na vijana tisini na watano si machicha. Wengi wao wangefaulu vizuri wakipewa nafasi. Mimi nasema uteuzi, maana anayeteua huacha vizuri vingi.

La tatu ni ndaki, tafsiri ya neno la Kiingereza "college". Tanzania ndaki ni mkusanyiko wa idara, kama Ndaki ya Insia. Kule Yale "college" hizo ni makazi 14 ambamo mwanafunzi hupangwa kabla hajafika na kubaki mwanajumuiya hadi ahitimu. Kila moja lina ukumbi wa chakula, maktaba, mkuu na mlezi wa taaluma. Bweni ni jina dogo mno kwake. Zanzibar wana dahalia, neno lenye mzizi mmoja wa Kiarabu na udahili: kuingia. Mwanafunzi hudahiliwa chuoni, kisha huingia dahalia, akapata watu wake.

Walimu wanaowaelekeza vijana waseme basi: chuo cha wakfu, chenye uteuzi mkali na dahalia 14. Mwanafunzi hodari asiye na fedha akiyasikia maneno hayo, atauliza tarehe ya mwisho ya maombi badala ya kuuliza karo.