Tiba ya methadoni nchini Tanzania

Methadoni ni dawa ya jamii ya afyuni wanayopewa waraibu wa heroini badala ya unga wenyewe. Nchini Tanzania ilianza kutolewa Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, kisha ikafika Mwananyamala, Temeke na mikoani. Lengo mojawapo lilikuwa kupunguza maambukizi ya VVU kwa wanaojidunga.

Tofauti na nyumba za upataji nafuu zinazofuata mpango wa hatua 12 za kuacha uraibu, katika tiba hii mtu haambiwi akiri lolote mbele ya kikundi wala ajikabidhi kwa nguvu iliyo juu yake. Kwa kawaida hufika kila siku kwenye dirisha la dawa, hutaja jina, hunywa dawa ya maji mbele ya mhudumu, kisha husemeshwa kidogo ili ijulikane ameimeza kweli. Dozi iliyopimwa vizuri huzuia arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, kwa takriban saa 24 bila kumlewesha aliyeizoea. Wapo wanaodai kwamba huko ni kuhamisha uraibu tu. Hoja hiyo haimwoni aliyeacha sindano akarudi kazini. Kero iliyo wazi zaidi ni nauli ya kila siku. Tena, methadoni haisaidii uraibu wa pombe, bangi wala kokeini.