Mshairi Aliyefukuzwa Kampala na Wanaofunga Kit Mikayi

Ukitoka mjini Kisumu kwa barabara ya Bondo na kuingia Seme, utayaona majabali ya Kit Mikayi kabla hujamuuliza mtu njia. Yamepandana hadi mita zipatazo 40, na katikati yake mna mapango. Wenyeji husimulia kwamba hapo kale mzee mmoja, Ngeso, aliyapenda mawe hayo kupita kiasi. Asubuhi akiamka, huyoo pangoni, hadi jioni. Mkewe akawa hana budi kumpelekea staftahi na chakula cha mchana huko huko. Akiulizwa mumewe yuko wapi, hujibu kwamba ameenda kwa mke wake mkubwa. Jina likashika: Kit Mikayi, yaani jiwe la mke mkubwa.

Simulizi hiyo ina busara, kwani haimsahau mama aliyebeba chakula. Mtu hawezi kuupa ulimwengu kisogo pasipo mwingine kubaki nje akimhudumia.

Hadi leo watu huingia katika mapango hayo kufunga na kuomba. Wengi ni waumini wa Legio Maria na wa makanisa ya Roho: wamevaa kanzu, wamevua viatu, rozari shingoni, mishumaa ikiwaka juu ya mawe. Legio Maria lilijitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Nyanza Kusini, likiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Ondeto alipofariki mwaka wa 1991 alizikwa Got Kwer, Migori, na kilima hicho sasa hupandwa na mahujaji kwa maelfu. Waislamu wa Kisumu nao wana itikafu yao, siku kumi za mwisho za Ramadhani, ambapo mtu hukaa msikitini akaacha biashara na maongezi ya dunia.

Kujitenga kwa namna hii kuna mpaka. Muumini huingia kwa hiari, hujua analotafuta, na siku zikitimia hurudi nyumbani.

Mshairi Okot p'Bitek hakupewa hiari hiyo. Mwacholi huyu wa Gulu, mtoto wa mama mwimbaji, alipata sifa kubwa mwaka wa 1966 kwa utenzi wake Song of Lawino. Muda si mrefu akaachishwa ukurugenzi wa Kituo cha Utamaduni cha Uganda kwa kuikosoa serikali, akavuka mpaka. Akafikia Kisumu, akafanya kazi katika idara ya chuo kikuu iliyofundisha watu wazima nje ya chuo. Kiacholi na Dholuo ya wenyeji ni ndugu, hivyo sikio lake halikuwa ugenini kabisa.

Mtu aliyeumizwa hivyo angeweza kujifungia chumbani na uchungu wake, na nani angemlaumu? Okot aliita watu. Mwaka wa 1968 alianzisha tamasha la sanaa la Kisumu, kama alivyokuwa amefanya Gulu.

Na wakati wa kuwa mbali na kwao, kalamu yake iligeukia dini. Mwaka wa 1970 alitoa kitabu kilichowashutumu wasomi wa Magharibi kwa kuivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki. Mwaka uliofuata kikatoka kingine kuhusu dini ya Waluo wa Kati, yaani Waacholi na Walango, kikieleza mizimu na mahali pake pa ibada. Mwaka huo huo wa 1971 alichapisha pia utenzi wa mfungwa anayelia ndani ya seli. Mimi nauona huo kuwa ndio utenzi wake mzito kuliko zote, kwa kuwa hapo upweke hauna baraka yoyote: hakuna mke anayeleta chakula, wala siku ya kutoka inayojulikana.

Okot alirudi Uganda baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka wa 1979, akafundisha Makerere, akafariki mwaka wa 1982.

Desemba 2019, UNESCO iliziingiza ibada za Kit Mikayi katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Ni jambo jema. Walimu wa Kisumu wanaowapeleka wanafunzi kuyaona mawe hayo wawasimulie pia habari za Okot, kwani miaka yake katika mji huu nayo ni turathi.