Mshikaki ndani ya plastiki: jinsi mvuto ulivyojulikana kuunda fuwele

Kamba ya polipropilini, ile iliyoipokonya katani ya Tanga soko kuanzia miaka ya 1960, hutokana na malighafi ileile inayofinyangwa ndoo, lakini hubeba mzigo ambao utepe uliokatwa kwenye ndoo usingeuhimili, kwa sababu uimara wa polima, yaani dutu ambayo molekuli zake ni minyororo mirefu mno, hutegemea pia namna minyororo hiyo ilivyovutwa. Dalili ya kwanza ilipatikana mwaka 1925, pale mwanakemia J. R. Katz alipopitisha eksirei katika mpira uliovutwa, akaona alama za fuwele, yaani molekuli zilizojipanga kwa utaratibu unaojirudia, ambazo zilitoweka mpira ulipoachiwa. Mwaka 1930, katika maabara ya DuPont huko Wilmington, Marekani, Julian Hill alichomoa uzi kutoka katika rojo la moto la poliesta, na uzi huo, ulipovutwa tena baada ya kupoa, ulirefuka mara kadhaa, ukang'aa kama hariri na kuwa mgumu kukatika.

Sababu yake ilichukua muda kujulikana. Mwaka 1957 Andrew Keller wa Bristol alionyesha kwamba polithini inayoganda kwa utulivu hujikunja, mnyororo ukipinda na kurudi, ukipinda na kurudi, hadi kuunda vibamba vyenye unene wa takriban nanomita 10, nanomita ikiwa sehemu moja ya bilioni ya mita. Miaka minane baadaye Albert Pennings, nchini Uholanzi, alikoroga polithini iliyoyeyushwa katika zailini, akapata nyuzi zenye kijiti chembamba cha minyororo iliyonyooka, kilichotungwa vibamba vya minyororo iliyokunjwa. Muundo huo uliitwa mshikaki, na ni nadra istilahi ya sayansi kumfaa msomaji wa Kiswahili kiasi hicho, kwa kuwa hata mpangilio wa kazi ni uleule: kijiti hutangulia kwa nguvu ya mtiririko, nyama hufuata.

Hata hivyo, si kila mtiririko huchonga kijiti kwa wepesi. Katika mtiririko wa mtelezo, ambamo tabaka moja hupita juu ya jingine kwa kasi tofauti, kama uji mzito bombani unaokwenda mbio katikati na kukawia pembeni, molekuli hunyooka kidogo kisha hubingirika. Katika mtiririko wa mvuto, kama wa uzi unaovutwa kutoka tunduni, haipati nafasi ya kubingirika. Mwaka 1974 Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes alieleza kwamba kasi ya mvuto ikivuka kiwango fulani, molekuli iliyojisokota hufunguka ghafla.

Lakini viwanda vingi hutumia rojo lisilo na kiyeyushi kama zailini, ambamo minyororo imesongamana na kunasana. Huko Linz, Austria, katika miaka ya 1990, kundi la Hermann Janeschitz-Kriegl lilisukuma rojo la polipropilini kwa muda mfupi, likasimamisha mtiririko, kisha likangoja: karibu na ukuta, ambako mtelezo ni mkali zaidi, palitokea tabaka la fuwele zilizoelekea upande mmoja, ilhali katikati palijaa fuwele za duara za kawaida. Ilidhaniwa kwamba kijiti hujengwa na minyororo mirefu zaidi peke yake, hadi mwaka 2007, wakati kundi la Julia Kornfield huko California lilipotia alama minyororo kwa hidrojeni nzito na kugundua kwamba ile mirefu haikuzidi ndani ya kijiti kuliko ilivyokuwa katika rojo zima: kazi yake ni kuivuta mifupi iliyo jirani ijipange pamoja nayo.