Mkono Uliopakwa Mafuta

Zamani, Mmaasai akipokea mkuki au sime iliyotoka mikononi mwa mhunzi, alipaka mafuta kiganjani kwanza. Si kwamba chuma kilikuwa bado cha moto. A. C. Hollis, ofisa wa Kiingereza aliyechapisha kitabu kuhusu Wamaasai mwaka 1905, aliandika kwamba kitu alichokishika mhunzi kilihesabiwa kuwa na unajisi, na mafuta ndiyo yaliyomkinga anayekipokea. Wahunzi hao waliitwa Ilkunono. Hakuna morani aliyetaka kuoa binti yao, na morani huyohuyo alilala na mkuki wao kando ya kichwa chake, akijua kwamba simba akija usiku, uhai wake umo katika kazi ya yule mtu.

Nimeufikiria sana mkono huo tangu nianze kukusanya habari za ufuaji chuma mkoani Mara kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Sisi Wazanaki tuna hadithi nyingi za Wamaasai waliokuja kupora ng'ombe, na katika hadithi hizo wao ndio wenye mambo ya ajabu. Lakini kwetu, Butiama na vijiji vinavyoizunguka, watu waligawanywa vilevile: Abaturi, yaani wahunzi na uzao wao, na Ababiru, wasio wahunzi. Hawakuoana. Jembe la Mturi lililima shamba la Mbiru, mshale wa Mturi ulilinda ng'ombe wa Mbiru, ila posa ya Mturi haikuvuka kizingiti cha Mbiru.

Walioandika juu ya jambo hili wamevutiwa zaidi na mwiko: moto, damu, nguvu za kugeuza jiwe kuwa chuma. Mimi nimevutiwa na biashara. Mtu unayemdharau unamwagizaje silaha ambayo ikikosewa utakufa? Na yeye, akijua unavyomdharau, kwa nini akutengenezee vizuri?

Tuanze na kazi yenyewe, maana kazi ilikuwa ngumu kuliko picha za watalii zinavyoonyesha. Mkuki wa Kimaasai ni vipande vitatu: ubao wa chuma mbele, mshiko wa mti katikati, na mchi mrefu wa chuma nyuma. Chuma cha mbele na cha nyuma lazima vipimane, ili mkuki ukiinuliwa kwenye mshiko usizame upande wowote. Mshiko ukiwa mnene, vidole havifungi. Ukiwa mwembamba, mkuki unazunguka mkononi wakati wa kurusha. Na mtindo ulibadilika. Kuna mikuki yenye ubao mfupi na mpana kama jani, na kuna mirefu myembamba inayokaribia upanga. Vijana walitaka mkuki wa wakati wao, na mhunzi aliyeng'ang'ania umbo la enzi za baba zao angekaa na mali yake.

Chuma nacho hakikutoka mlimani siku zote. Joseph Thomson alipopita nchi ya Wamaasai miaka ya 1883 na 1884, misafara ya pwani ilibeba mizigo ya seng'enge, waya mnene wa chuma, kwa ajili ya biashara huko. Mhunzi aliupasha moto, akaupiga ukaungana, akaufanya mkuki. Kwa hiyo ule mkuki tunaouita wa asili pengine ulianza safari yake katika kiwanda cha Ulaya, ukashuka Zanzibar, ukapanda mabegani mwa wapagazi. Kilichoufanya kuwa mkuki wa fulani ni yule mtu mwenye nyundo aliyejua urefu wa mkono wa fulani.

Rafiki yangu mmoja anayefuatilia mashindano ya kulenga shabaha aliniambia hakuna jipya hapo. Alinionyesha picha za bastola za mashindano. Mpini wake hauna sura ya bastola za sinema. Ni kipande cha mti kilichochongwa kufuata vidole, chenye kibao cha kuegemeza kiganja, kama kiatu cha mkono. Morini, kampuni ya Uswisi, inajulikana sana kwa mipini ya aina hiyo. Kwa mpini wa oda, mnunuzi huchora mkono wake kwenye karatasi akampelekea fundi, kisha husubiri. Mpini ukija unabana, unarudishwa kupunguzwa. Rafiki yangu anasema wapiga shabaha wanaweza kubishana juu ya fundi mmoja kuliko tunavyobishana sisi juu ya Simba na Yanga: anajibu simu? Anakubali kosa? Nilicheka, lakini ni maswali yaleyale. Anayenunua kitu cha oda hununua pamoja na haki ya kurudi.

Na haki hiyo, kwetu, ilitegemea ukaribu. Mhunzi hakuwa na karatasi ya dhamana. Alikuwa na kijiji. Mkuki uliopinda ulirudishwa kwake, ukapashwa moto, ukanyooshwa. Jembe lililoliwa na mawe lilirudi likaongezewa ncha. Hapo ndipo naona jibu la swali langu, angalau nusu yake. Mturi hakuweza kuishi kwa posa za Ababiru, wala kwa heshima yao. Aliishi kwa kuhitajiwa nao. Kazi mbovu ingemwondolea kitu pekee alichokuwa nacho mezani. Sisemi kwamba mpango huo ulikuwa wa haki. Nasema ulifanya kazi, na alama ya kwamba ulifanya kazi ni kuwa mteja alirudi, hata kama alirudi na mafuta mkononi.

Kisha ikaja silaha isiyo na fundi wa kurudiwa. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia bandari za Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa mitumba: majeshi ya Ulaya yalikuwa yamehamia kwenye bunduki mpya, na za zamani zikatafutiwa soko. Miaka miwili baadaye Mkataba wa Brussels ukaweka masharti. Bunduki za kisasa zilizuiwa kuuzwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Zile za gumegume, zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa. Yaani sheria yenyewe ilimtaja mteja wa Kiafrika kuwa mtu wa kuuziwa silaha duni. Gobore likimpasukia mtu usoni, angemlaumu nani? Msafara ulishaondoka. Mwenye duka pwani hakumjua, na aliyeutengeneza mtutu hakuwahi kusikia jina la nchi yake.

Watu wa Ikoma na Nata, upande wa mbuga, waliendelea kujulikana kwa upinde na mshale wa sumu. Kuna wanaoona huo ni ushamba. Mimi naona ni akili ya mteja: mshale ukiharibika, aliyeufua yuko ng'ambo ya mto.

Majembe ya kiwandani yalikuja kwa wingi wakati wa ukoloni, yakaua uyeyushaji wa chuma kabla ya kuua ufuaji. Ufuaji haujafa. Taifa limeweka kazi ya mhunzi kwenye ngao yake, ambako kuna jembe, shoka na mkuki. Na CCM, tangu 1977, imeweka nyundo pamoja na jembe kwenye bendera. Hata hivyo ukitaka kuona nyundo ikifanya kazi, usitazame bendera. Nenda Bunda, kando ya barabara ya Mwanza–Musoma, ambako chuma kinatoka kwenye springi za malori yaliyochoka.

Nilimwagiza mzee mmoja pale anitengenezee kisu cha jikoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, halafu hakuniuliza nataka kisu gani. Alisema, "Kunja ngumi, mwanangu." Aliipima ngumi yangu kwa vidole vyake viwili, akaniuliza kama nakata nyama au mboga, akaniambia nirudi Ijumaa. Ijumaa mpini ulikuwa mnene kidogo. Hakubisha, alichukua tupa pale pale, akapunguza, akanipa nishike, akapunguza tena mara tatu. Alinitaka nikirudishe kikilegea. Niliuliza nitamlipa kiasi gani siku hiyo. Alinishangaa: si ni kisu chake?

Tulipokuwa tunasubiri aliniuliza ukoo wangu. Nilimtajia. Akatikisa kichwa polepole, akaendelea kupiga tupa.

Mwaka jana dada yangu, mtoto wa mama mdogo, alileta mchumba nyumbani. Kijana ni mhasibu Musoma mjini. Sidhani kama amewahi kushika nyundo. Chakula kilipoisha, babu mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama kijana ni wa Abaturi. Hakuna aliyejibu haraka. Sahani zilitolewa. Jembe lililolima mahindi tuliyokula lilikuwa limeegemea ukuta wa nje, na mpini wake ulikuwa umebadilishwa si zamani. Kikao cha mahari kimeahirishwa mara mbili. Dada yangu amesema hataomba ruhusa mara ya tatu.