Arniston: Meli Iliyopotea kwa Kukosa Saa

Saa kumi na nusu alfajiri ya tarehe 30 Mei 1815, nahodha George Simpson aliigeuza meli yake, Arniston, kuelekea kaskazini. Kwa hesabu zake alikuwa ameshaipita Rasi ya Tumaini Jema, na mbele yake hakukuwa na kitu ila maji ya Atlantiki mpaka kisiwa cha Saint Helena. Hesabu hizo zilikosea. Rasi ilikuwa bado haijafikiwa. Ilikuwa zaidi ya kilomita 150 upande wa magharibi, na huko kaskazini alikoelekeza omo ndiko lilikokuwa bara la Afrika. Haukupita muda mabaharia wakaona mawimbi yakipasuka juu ya miamba.

Watu waliokuwa ndani ya meli hiyo walikuwa 378. Waliokanyaga nchi kavu wakiwa hai walikuwa sita.

Mwanzo wa karne ya 19 bahari ilikula meli nyingi mno, na habari nyingi za ajali hizo zinafanana: dhoruba, usiku, mwamba, maombi. Ya Arniston ina jambo la ziada linaloniuma kila ninapoisoma. Kifaa ambacho kingemwambia nahodha mahali alipo kilikuwa kimeshavumbuliwa zaidi ya nusu karne kabla yake. Kilikuwa kikiuzwa madukani London. Meli nyingine za msafara wake zilikuwa nacho. Yeye hakuwa nacho kwa sababu aliyepaswa kulipa alikataa kulipa.

Kifaa chenyewe ni saa. Mabaharia waliiita kronomita, na ili kuelewa kwa nini saa iokoe meli, inabidi tukumbuke jinsi nahodha alivyojua mahali alipo kabla ya mitambo ya leo. Latitudo, yaani umbali wake kutoka ikweta, aliipata bila taabu kubwa: alipima kimo cha jua adhuhuri, au kimo cha nyota usiku. Longitudo, yaani umbali wake kuelekea mashariki au magharibi, ndiyo iliyokuwa fumbo. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, kwa hiyo anayejua ni saa ngapi Greenwich wakati jua liko utosini kwake anaweza kupiga hesabu ya longitudo yake. Tofauti ya dakika nne ni nyuzi moja nzima, na karibu na ncha ya kusini ya Afrika nyuzi moja ni kilomita 90 na kidogo. Lakini saa za zamani hazikuvumilia safari: joto, baridi, unyevu na mrusho wa mawimbi viliziharibia mwendo.

Manahodha wa majahazi ya pwani yetu hawakubanwa sana na fumbo hili. Aliyeteremka na kaskazi kutoka Muscat kwenda Zanzibar, au kupanda na kusi kurudi, alisafiri kwa urefu wa pwani. Nchi kavu ilikuwa ubavuni mwake, na kimo cha nyota kilimwambia amefika usawa wa bandari gani. Njia ya pepo za misimu ni njia ya kaskazini na kusini. Anayeizunguka Afrika kutoka Bahari ya Hindi kuingia Atlantiki hana nafuu hiyo. Pwani ya kusini inalala mashariki kwa magharibi, latitudo haibadiliki sana kwa mamia ya kilomita, na swali linalobeba roho za watu ni moja tu: nimeshafika wapi upande wa magharibi?

Uingereza ilikuwa imelipa gharama ya swali hilo kitambo. Mwaka 1707 admirali Cloudesley Shovell alipoteza manowari nne na zaidi ya watu elfu moja kwenye visiwa vya Scilly. Mwaka 1714 bunge la nchi hiyo likatangaza zawadi ya hadi paundi 20,000 kwa atakayepata njia ya kujua longitudo baharini. Seremala aliyegeuka fundi saa, John Harrison, aliishughulikia kazi hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na saa yake ya nne ilipopelekwa Jamaica kwa majaribio, 1761 hadi 1762, ilikosea sekunde chache tu. Nahodha James Cook alibeba nakala ya saa hiyo katika safari yake ya pili, iliyoanza 1772, akarudi akiisifu. Mafundi wengine wakatengeneza kronomita rahisi zaidi, bei ikashuka. Bado ilikuwa makumi ya paundi, zaidi ya mshahara wa mwaka mzima wa baharia wa kawaida. Kwa mwenye meli kubwa, hata hivyo, hiyo haikuwa fedha ya kumfilisi.

Na Arniston ilikuwa meli kubwa. Ilishushwa majini 1794 mjini London, mbao tupu, zaidi ya tani 1,400, na ilifanya safari nyingi za Mashariki kwa ajili ya Kampuni ya India ya Mashariki kabla ya kukodishwa na serikali kubeba askari. Mwaka 1815 ilitumwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, ambako Waingereza walikuwa wametoka kuuteka ufalme wa Kandy. Ilipakia askari wagonjwa na majeruhi waliokuwa wakirudishwa kwao, mabaharia, na abiria wa kiraia, wakiwemo wanawake na watoto. Miongoni mwa abiria alikuwamo Lord Molesworth pamoja na mke wake. Walikuwamo pia wana wanne wa Kanali Giels, mkubwa wao akiwa na miaka 13 na mdogo miaka 7, wakirudi Uingereza bila wazazi wao.

Basil Hall, nahodha wa Jeshi la Majini la Uingereza aliyeandika sana juu ya maisha ya baharini, ndiye aliyeisimulia habari ya saa. Anasema Simpson hakuwa na uwezo wa kujinunulia kronomita, na wenye meli hawakutaka kumnunulia. Alipozidi kuomba, aliambiwa kwamba kama hataki kusafiri bila hiyo, atatafutwa nahodha mwingine atakayekubali. Simpson akasafiri. Sioni sababu ya kumhukumu kwa ukali: alikuwa mtu wa mshahara, na kazi ya unahodha haikuokotwa barabarani. Wa kuulizwa ni wale waliobaki nyumbani wakihesabu faida huku wakijua kabisa wanamnyima nini.

Mwanzoni upungufu huo haukuonekana. Arniston ilikuwa katika msafara wa meli sita za Kampuni, zikilindwa na manowari mbili, Africaine na Victor. Maadamu ilikuwa na wenzake, iliweza kuwafuata wenye vifaa. Lakini ilipokaribia kusini mwa Afrika hali ya hewa ilichafuka, matanga yake yakaharibika, na kufikia tarehe 26 Mei ilikuwa imebaki peke yake.

Kuanzia hapo Simpson alitegemea makadirio: kasi ya meli, uelekeo wa dira, saa zilizopita, kisha alama kwenye ramani. Ni njia ya kale, na katika bahari tulivu humfikisha mtu. Pale haikufaa. Upepo wa majira ya baridi huko hupiga kwa nguvu kutoka magharibi na kuizuia meli isisonge. Chini yake unapita mkondo wa Agulhas, maji ya vuguvugu yanayoshuka kutoka upande wa Msumbiji na kukimbia kusini-magharibi kwa kasi inayoweza kuzidi mita moja na nusu kwa sekunde. James Rennell alikuwa ameuchora mkondo huo kwenye ramani tangu 1778, ila ramani haimwambii nahodha leo umemsukuma kiasi gani. Ipo njia nyingine, ya kupima umbali kati ya mwezi na nyota, lakini inataka anga safi na hesabu ndefu, na anga safi ndiyo aliyokosa.

Tarehe 29 Mei waliona nchi kavu mbali upande wa kaskazini. Wakaamini ni Rasi ya Tumaini Jema. Wakaendelea magharibi usiku kucha, kisha wakageuka kaskazini, na hapo ndipo tulipoanzia.

Baada ya kuviona vilima vya povu mbele yao walijaribu kujinasua, upepo ukawakatalia. Meli ilikuwa imeingia kwenye ghuba ya Waenhuiskrans, kaskazini-mashariki ya Rasi Agulhas, na upepo wa kutoka baharini ulikuwa ukiisukuma ufukoni. Wakatia nanga tatu. Mchana wote meli ilining'inia juu ya amari zake huku mawimbi makubwa yakipita chini yake, na kufikia saa kumi alasiri amari mbili zilikuwa zimekatika. Luteni Brice wa Jeshi la Majini, aliyekuwa abiria, alimshauri nahodha aikate ya tatu mwenyewe na kuipandisha meli nchi kavu kungali mchana, huenda baadhi ya watu wakaokolewa. Ushauri ukafuatwa. Lakini maji ya ghuba hiyo ni mafupi kuanzia mbali, na meli ikakwama mbali mno na ufuko. Ikalala ubavu upande wa mawimbi, milingoti ikaenda, na giza lilipoingia ikaanza kumeguka vipande. Waliojaribu kuogelea walirudishwa na mawimbi au kupigwa na mbao. Mashua hazikuweza kusimama juu ya maji.

Wale sita walikuwa watu wa kazi wa melini: maseremala na mabaharia. Mmoja wao, msaidizi wa seremala Charles Stewart Scott, aliacha maelezo ya ajali hiyo. Kulipokucha walijikuta kwenye mchanga uliotapakaa maiti na mabaki ya meli, wakafanya walichoweza kuwazika wenzao. Kisha wakaondoka kwa miguu kuitafuta Cape Town, nao wakafuata kosa lile lile la hesabu. Wakiamini kwamba wako upande wa Atlantiki, magharibi ya Rasi, waliufuata ufuko kuelekea mashariki. Walitembea siku nne na nusu, kila hatua ikiwatenga zaidi na mji waliokuwa wakiutafuta. Walipotambua hivyo wakarudi kwenye mabaki ya meli, wakala unga wa shayiri kutoka kwenye pipa lililotupwa na mawimbi, na kuanza kuitengeneza mashua iliyovunjika. Tarehe 14 Juni walikutwa na kijana wa mkulima wa maeneo hayo, Jan Zwanepoel, aliyekuwa amekwenda kuwinda.

Waliosoma juu ya ajali za meli za enzi hiyo wengi wanaijua Medusa, manowari ya Ufaransa iliyokwama kwenye fungu la Arguin, pwani ya Mauritania, mwaka mmoja tu baadaye. Nahodha wake, Chaumareys, alikuwa hajaongoza meli kwa zaidi ya miaka 20 na alipewa cheo kwa upendeleo wa kisiasa. Watu wapatao 147 waliachwa juu ya chelezo, na walipopatikana walibaki 15. Mwaka 1819 mchoraji Théodore Géricault aliwafanyia mchoro mkubwa, na tangu hapo dunia haijawasahau. Arniston iliua watu wengi zaidi ya Medusa, ila haikupata mchoraji. Kilichojengwa ni mnara mdogo wa kumbukumbu pale ufukoni, uliowekwa na mama wa wale watoto wanne.

Wala Arniston haikuwa ya kwanza kupotezwa na makadirio katika karne hiyo. Aprili 1804 manowari Apollo, ikiongoza meli 69 za biashara kutoka Cork kwenda West Indies, iliukwea ufuko wa Ureno usiku huku maofisa wake wakidhani nchi iko mbali sana, na makumi ya meli zikaifuata gizani.

Hall aliitumia habari ya Arniston kuwabana wenye mamlaka, na wengine wakafanya hivyo baada yake. Mabadiliko yalikuja, polepole. Mwaka 1820 Uingereza ilianzisha kituo cha kuangalia nyota Cape Town, na kusaidia usafiri wa baharini kulikuwa sehemu ya kazi yake. Mwaka uliofuata nahodha William Owen alitumwa kupima pwani za Afrika akiwa na manowari Leven na Barracouta. Alizipima pwani za Msumbiji na Afrika Mashariki, na ni katika safari hiyo hiyo, mwaka 1824, alipopandisha bendera ya Uingereza Mombasa kwa ombi la Wamazrui, watawala wa mji huo. Siasa zake zilidumu miaka miwili tu. Ramani zake zilitumika muda mrefu zaidi. Na Beagle ilipoondoka Uingereza mwaka 1831, ikiwa na kijana Charles Darwin, ilibeba kronomita 22.

Pale kusini mwa Afrika taa ilichelewa zaidi. Ilihitaji kampeni ya miaka, iliyosukumwa na mkulima na mwanasiasa Michiel van Breda, mpaka mnara wa taa wa Agulhas ukawashwa mwezi Machi 1849, miaka karibu 34 baada ya Arniston. Mji mdogo ulioota kwenye ile ghuba sasa unaitwa kwa jina la meli hiyo. Mwaka 1982 wataalamu wa akiolojia ya majini kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town walizamia kwenye mabaki yake, na vitu vyake vimo katika makumbusho ya ajali za meli mjini Bredasdorp, mji uliopewa jina la yule yule van Breda. Meli za serikali zilikuwa zimeshapewa kronomita kabla ya taa hiyo kuwaka. Kwenye meli za mizigo za watu binafsi, ununuzi wake uliendelea kuwa hiari ya mwenye mali kwa miaka mingi baada ya hapo, na si wachache waliochagua kutonunua.