Kuhamisha Folda za Barua Pepe na Hatima ya Ushahidi wa Kihistoria katika Ukanda wa Ziwa Viktoria

Utangulizi

Historia ya usimamizi wa Ziwa Viktoria tangu miaka ya 1990 haiwezi kuandikwa bila mawasiliano baina ya Mwanza, Jinja na Kisumu. Mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lenye makao yake Jinja, ulitiwa saini mwaka 1994. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria ina makao yake Kisumu, na Mwanza pana kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania. Hiki ndicho kipindi ambacho barua pepe ilichukua nafasi ya barua ya karatasi. Makala hii inatetea hoja kwamba kuhamishia folda za barua pepe kwenye diski nyingine ili kupata nafasi ni tendo lenye athari za kihistoria, kwa kuwa kinachopotea mara nyingi si barua bali mpangilio wake.

Jalada la karatasi

Wakati wa utawala wa Waingereza, Mwanza ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Ziwa. Katika masjala za serikali, kila barua iliingizwa katika jalada na kupewa namba, na maofisa waliandika madokezo wakirejelea namba hizo. Kwa utaratibu huo mtafiti hujua kilichoamuliwa, na pia nani alikiona, nani alipinga, na kwa mfuatano gani. Anayechunguza marufuku dhidi ya TANU katika Usukuma kuanzia mwaka 1954, au machafuko ya Geita ya mwaka 1958, huhitaji madokezo kuliko amri iliyotangazwa. Jalada lililohamishwa likiwa zima hubaki ushahidi. Lililofumuliwa huwa rundo la karatasi.

Folda kama jalada

Baadhi ya programu za barua pepe, kama Thunderbird, kwa kawaida huhifadhi folda nzima kama faili moja la matini. Kila barua hubeba katika kichwa chake namba ya utambulisho, na jibu hutaja namba ya barua inayojibiwa. Namba hizo hufanya kazi ileile ya namba za masjala. Viambatisho, kwa upande wake, hugeuzwa kuwa matini kwa njia inayoongeza ukubwa wake kwa takriban theluthi moja, na hiyo ni sababu mojawapo ya diski kujaa upesi.

Mwenye folda ana njia tatu. Akihamisha faili likiwa zima, mpangilio hubaki, ila programu isipoelekezwa mahali papya, folda huonekana tupu kana kwamba barua zimefutwa. Akichapa kila barua kama waraka wa pekee, maneno husalia lakini namba zinazounganisha barua na majibu hutoweka. Akiondoa viambatisho, hubaki barua isemayo "tazama jedwali" pasipo jedwali la samaki waliovuliwa.

Inaweza kupingwa kwamba taarifa za mwisho za taasisi zinatosha. Hata hivyo, taarifa ya mwisho huonyesha yaliyoafikiwa na nchi tatu. Mivutano iliyotangulia mwafaka hukaa katika barua.

Muda na sheria

Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002 iliweka miaka 30 kuwa kipindi cha kawaida kabla ya nyaraka za umma kufunguliwa kwa wasomaji. Kwa hesabu hiyo, barua pepe ya mwaka 2005 itamfikia mtafiti mwaka 2035. Ni diski chache zinazoweza kudumu muda huo. Hivyo barua hiyo itahamishwa zaidi ya mara moja, na kila uhamisho unaweza kuikata.

Hitimisho

Kupata nafasi si kosa. Masjala za karatasi nazo zilijaa. Linalotakiwa ni folda ihamishwe ikiwa zima, nakala ifunguliwe na kuhakikiwa kabla ya asili kufutwa, na nakala ya pili iwekwe mahali pengine. Pasipo hayo, mwanahistoria wa Ziwa Viktoria atakuwa na ushahidi mwingi zaidi kuhusu mwaka 1958 kuliko mwaka 2005.