Picha ya Navarino na Maneno ya Arua

Mwaka 1846 mchoraji Ivan Aivazovsky wa Urusi alichora kwa rangi za mafuta picha kubwa ya vita vya baharini vilivyopiganwa katika ghuba ya Navarino, pwani ya magharibi ya Ugiriki. Ni picha yenye zaidi ya mita mbili kila upande: moshi, moto, milingoti iliyovunjika, na katikati ya ghasia hiyo manowari ya Kirusi iitwayo Azov. Vita vyenyewe vilitokea tarehe 20 Oktoba 1827, Aivazovsky akiwa mtoto wa miaka kumi. Hakuviona. Alivichora akiwa mchoraji rasmi wa wakuu wa jeshi la wanamaji la Urusi. Basi si ajabu kwamba shujaa wa picha ni Azov. Mfaransa Louis Garneray, baharia wa zamani aliyepata kuwa mfungwa wa Waingereza kwa miaka minane, naye alivichora vita hivyo. Kila taifa lilimlipa mtu wake.

Msomaji atauliza: picha hizo zatuhusu nini sisi tunaofundisha Kiswahili Arua na Koboko, mahali palipo mbali na kila bahari? Jawabu tutalipata tukiacha kuwatazama walioshinda tukawatazama walioshindwa.

Upande mmja walikuwapo Waingereza chini ya Codrington, Wafaransa chini ya de Rigny na Warusi chini ya Heyden. Upande wa pili zilikuwapo merikebu za Sultani wa Uturuki pamoja na za Muhammad Ali, mtawala wa Misri, zilizokuwa chini ya mwanawe Ibrahim Pasha. Karibu zote zilikuwa zimetia nanga. Jua lilipokuchwa, sehemu kubwa ya merikebu za Uturuki na Misri ilikuwa imeungua au kuzama, na maelfu ya mabaharia wamekufa. Katika merikebu za washirika wale watatu hakuna hata moja iliyozama. Wanahistoria huvihesabu vita hivyo kuwa vikubwa vya mwisho kupiganwa na merikebu za matanga peke yake.

Muhammad Ali huyo alikuwa na mkono mwingine, uliokuwa ukinyooshwa kusini. Mwaka 1820 alipeleka jeshi kuiteka Sudani, naye alitaka vitu viwili: dhahabu, na watumwa wa kufanywa askari. Ibrahim mwenyewe alifika Sennar mwaka 1821, miaka michache kabla ya kwenda kupigana Ugiriki. Hatusemi kwamba Navarino ndiyo iliyoizaa Arua. Dai kama hilo lingekuwa kubwa mno. Tunasema kwamba dola ile ile inayoonekana ikiungua katika picha ya Aivazovsky ndiyo iliyopanda Mto Nili hadi milangoni petu. Baina ya miaka 1839 na 1842 ofisa wa majini wa Kituruki, Selim Qapudan, aliongoza safari tatu za kupanda Nili Nyeupe, akafika karibu na Gondokoro. Neno qapudan maana yake ni nahodha. Na Waarabu wa Sudani waliuita mto ule Bahr el-Jebel, yaani bahari ya mlima. Mwanafunzi anayelijua neno bahari hahitaji kutafsiriwa zaidi.

Baada ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa kupita njia hiyo, ilifuata serikali: Samuel Baker, kisha Gordon, kisha Emin Pasha aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta tangu 1878. Maporomoko ya Fola, karibu na Nimule, hayapitiki kwa chombo. Kwa hiyo merikebu mbili za moshi, Khedive na Nyanza, zilibebwa vipande vipande kwa nchi kavu na kuungwa upya Dufile, ng'ambo ya juu ya maporomoko. Tunawaomba walimu wasilipite jambo hili upesi. Chuma kile hakikujibeba. Kilibebwa na watu wa nchi hizi, na hakuna aliyewachora.

Khartoum ilipotekwa na wafuasi wa Mahdi mwezi Januari 1885, askari wa Emin walikatiwa njia ya kaskazini. Mwezi Novemba 1888 majeshi ya Mahdi yaliishambulia Dufile, na askari wa Selim Bey, ambao miezi michache nyuma walikuwa wamemwasi Emin, wakayarudisha nyuma. Boma lao la udongo na handaki lake vyaonekana hata leo katika ukingo wa magharibi wa Nili. Mwalimu wa Arua anaweza kuwapeleka wanafunzi wake huko wakauona uwanja wa vita kwa macho yao, jambo ambalo Aivazovsky hakuwahi kulipata kwa Navarino.

Mwaka 1891 Lugard aliwachukua wengi wa askari wale, pamoja na wake, watoto na wafuasi wao, akawaingiza katika utumishi wa Waingereza Uganda. Wengine walibaki upande wetu. Hapo ndipo ilipokua jamii ya Wanubi, ambao Kinubi chao, kilichozaliwa na Kiarabu cha kambini, husikika mpaka sasa Arua, Koboko na Bombo.

Sasa tuyatazame maneno. Kwa Kituruki on ni kumi, yüz ni mia, bin ni elfu, na baş ni kichwa. Kwa hiyo ombasha ni mkuu wa watu kumi na bimbashi ni mkuu wa watu elfu. Bin hiyo haina undugu wowote na bin ya Juma bin Ali. Wajerumani walipoajiri Wasudani kutoka Misri mwaka 1889, vyeo vya ombasha na shaushi vilikwenda nao Tanganyika. Efendi wa Kituruki akageuka afande, na huyo hajastaafu.

Katika Uganda Kiswahili kimeteta kwa muda mrefu na jina baya la kuwa lugha ya askari. Idi Amin, ambaye ukoo wake hunasibishwa na Koboko, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na amri hiyo haikukisaidia kupendwa. Wakati majeshi yalipolipiza kisasi West Nile mwaka 1980 na watu wakakimbilia Kongo na Sudani, wenye kusema Kiswahili na Kinubi walikuwa miongoni mwa walioteseka. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili, lakini bado wapo wazazi wanaotuuliza kwa nini tuwafundishe watoto wao lugha ya bunduki.

Hatuwajibu kwa kukana. Twawaonyesha njia ambayo maneno hayo yalipitia, na ni nani waliyoyabeba: watu waliotekwa vijijini mwao, wakatiwa katika majeshi ya wengine, wakajifunza kuitana afande kwa sababu mabwana zao waliitana hivyo. Kisha twaitandika picha ya Navarino mezani, na kumwuliza mwanafunzi ataje kwa Kiswahili kila anachokiona: merikebu, manowari, mzinga, baruti, bendera, nahodha. Merikebu na baruti ni za Kiarabu, manowari ni ya Kiingereza, bendera ni ya Kireno. Swali la mwisho huwa ni moja: katika moshi ule, upande ule unaoungua, angewachora watu gani?